Nimeenda soko jipya la Ubungo, pale ilipokuwa stendi

Kama uliwahi kusafiri na basi la mkoa kutoka Dar kabla ya 2021 basi Ubungo unaijua, saa kumi na moja alfajiri umekumbatia begi, wapiga debe wanakuvuta huku na huku na tiketi unayo tayari mkononi. Mabasi yakahamia Mbezi Luis, na pale pale sasa hivi kuna EACLC (East Africa Commercial and Logistics Centre), ndo hilo soko lenyewe, fremu zaidi ya 2,000, ilizinduliwa Agosti 2025. Mi nina kiduka cha vyombo Kimara nikasema ngoja nikaone mwenyewe, stori za watu zimenichosha.

Kufika hakuna shida, mwendokasi unashuka Ubungo unatembea kidogo umefika, daraja la Kijazi hilo hapo. Kwa sisi wa Kimara, Mbezi hadi Kibaha hiyo peke yake ni nusu ya sifa, maana Kariakoo kwenda si kazi, kazi ni kurudi na katoni tatu unagombania mlango wa basi.

Sasa bei. Duka la kwanza nikaulizia chupa moja ya chai, kijana akacheka, "mama sisi tunatoa kwa katoni." Nikaenda la pili, yule bei haitaji kwa mdomo, anaandika kwenye kikokotoo anakugeuzia ili mteja wa pembeni asisikie, mi nafuta naandika yangu namrudishia, tumeenda hivyo kama mara sita hadi akaguna akaita mtu afunge mzigo. Nilipata chini kidogo ya bei yangu ya Kariakoo, kwa pisi moja huioni ila kwa katoni unaiona.

Kosa langu sikufungua. Nafika nyumbani, kwenye chupa 12 mbili hazishiki moto, chai ya saa moja saa tatu ishapoa kabisa. Duka silitaji, na hata Kariakoo yashanikuta hayo, ila we fungua katoni mbele yake na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiondoke bila.

Kuna wanaosema Kariakoo ndo basi tena. Wapi! Soko lenyewe liliungua Julai 2021 na Kongo na Msimbazi biashara ikaendelea, Kariakoo ni mitaa bwana, unaenda kutafuta kitasa unarudi na kitenge na sufuria na kitasa umesahau. Ubungo unaenda na hesabu yako kwenye karatasi. Ukitaka kimoja kimoja au kuzurura tu na watoto mi nakwambia panda gari nenda Kariakoo, ila kama una duka, hata kama ni kigenge, Ubungo kunakufaa sana, hasa mkiwa wawili watatu mnachanga.

Mi mwisho wa mwezi narudi na wifi yangu tugawane katoni ya mabakuli, na zile chupa mbili nazibeba, tutaonana na yule wa kikokotoo.