Uzoefu wangu na Among the Sleep: nyumba inavyoonekana kutoka chini ya meza

Mchezo huu wa kompyuta, uliotengenezwa na Krillbite Studio ya Norway na kutolewa mwaka 2014, niliucheza kwa siku mbili nyumbani kwangu Kirumba, jijini Mwanza, kila mara baada ya binti yangu wa miaka miwili kulala. Nautaja umri wake kwa sababu ndio umri wa mtoto ambaye mchezaji anaingia katika mwili wake: juu ya meza haoni, kitasa cha mlango hakifikii mpaka asukume kiti au avute droo apande, na akikimbia huanguka baada ya hatua chache. Kutambaa kunamfikisha upesi kuliko kutembea, jambo ambalo kila aliyewahi kumkimbiza mtoto sebuleni atalithibitisha.

Silaha hana. Ana mwanasesere wa dubu anayezungumza, ambaye akikumbatiwa hutoa mwanga hafifu, na wawili hao wanamtafuta mama katika nyumba ambayo usiku hugeuka kuwa mahali pengine kabisa. Zimwi likitokea, hakuna la kufanya isipokuwa kujibanza mahali na kungoja lipite.

Kilichonikaa moyoni zaidi ya zimwi lenyewe ni chupa. Kuna sehemu ambayo zimezagaa sakafuni, na ukiigusa moja ikavunjika, zimwi husikia na kuja. Mwanzoni nilizichukulia kuwa kikwazo cha kawaida cha michezo ya aina hii, hadi nilipojiuliza kwa nini mtoto mdogo kiasi hicho ameshajifunza kuogopa mlio wa chupa. Nimekulia katika nyumba ya kupanga karibu na mwalo, ambako sisi watoto tulitambua kwa mwendo wa miguu uani ni baba wa nani amerudi, na amerudi akiwa katika hali gani. Kwa hiyo nilipofika hapo nilivua vifaa vya masikioni, nikakaa kwanza.

Kasoro zipo. Mchezo ni mfupi, kwani saa tatu hivi zinatosha kuumaliza, na mafumbo yake ni mepesi mno kwa mtu mzima. Umeme ulipokatika nilirudishwa nyuma, kwa kuwa mchezo huhifadhi hatua wenyewe katika sehemu maalumu tu. Isitoshe, mwishoni watengenezaji wanatamka waziwazi jambo ambalo chupa zilikwisha kulisema vizuri zaidi, na hapo ndipo nilipokata nyota moja kati ya tano.

Mzazi asidanganywe na dubu aliyeko kwenye picha ya tangazo: huu si mchezo wa watoto. Ningeshauri ununuliwe wakati wa punguzo la bei, kwa kuwa mimi binafsi sidhani kwamba nitaucheza tena.