Losheni na shampuu za "bila parabeni" kutoka duka moja Arusha mjini: stika safi, ndani mambo mengine

Naanza na duka maana duka lenyewe sio baya. Liko mitaa ya Soko Kuu, jina silitaji, wenye saluni wengi tunachukua mzigo pale. Bei ya jumla wanakupa hata ukichukua dazeni ya kuchanganya changanya, na kijana wa kaunta ana lugha nzuri, ukikosa kitu anakimbia kukutafutia kwa jirani. Kwa hayo nyota nne nawapa bila kinyongo. Maneno yangu yako kwenye huu mzigo mpya wenye stika ya kijani waliojaza shelfu ya mbele, losheni ya nusu lita na shampuu ya dumu la lita tano, kila kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakina parabeni (dawa ya kuhifadhi, ya kuzuia kitu kisioze), na bei inakaribia mara mbili ya zile tulizozoea.

Kijana akaniambia, "Mama chukua hii, hizo zingine zina parabeni, zinaleta kansa." Nikamuuliza sasa hii wameweka nini badala yake, maana maji hayakai kwenye chupa mwaka mzima hivi hivi. Akacheka akasema, "Hii ni nature tu mama."

Kuisoma yenyewe ilikuwa kazi. Stika ya bei wameibandika juu kabisa ya orodha ya viambato (chupa zote! sio moja), nikakwangua kwa ukucha pale pale kaunta, herufi zenyewe ndogo mpaka nikapiga picha na simu nikavuta. Aqua ya kwanza, glycerin, mambo ya kawaida, halafu kule mwishoni kabisa kabla ya manukato yapo majina mawili ya vihifadhi yamefuatana: Methylchloroisothiazolinone, Methylisothiazolinone. Kwenye losheni yapo, kwenye shampuu yapo. Wenyewe wanayaita MCI na MI kwa kifupi na mi nitaandika hivo hivo, vidole vyangu navihitaji kwa kusuka.

Hayo majina nilikuwa nayajua kwa sababu ya binti anayeosha vichwa saluni kwangu. Alianza kuwashwa katikati ya vidole, vikatoka vilengelenge vidogo vya maji, vikapasuka, ngozi ikawa inachanika kila akikunja mkono, usiku halali. Kila mtu pale akasingizia dawa ya nywele. Ila dawa anaipaka na glavu siku zote, shampuu ndo anaoshea mikono mitupu, kichwa baada ya kichwa kutwa nzima. Daktari wa ngozi alimwambia aende na chupa zote anazoshika, akazisoma moja moja, akagonga kidole kwenye MI ya shampuu tuliyokuwa tunatumia kipindi kile. Kile kipimo cha kubandikwa viraka vyenye kemikali mgongoni siku mbili halafu wanasoma ngozi imejibu nini hajafanyiwa bado, kwahiyo siapi kwamba ndo yenyewe. Ila tulibadilisha shampuu, akavaa glavu na kwenye kuosha, mikono ikarudi taratibu.

Aleji hii ina tabia mbaya, haikukamati siku ya kwanza. Unaweza kutumia kitu miezi bila neno, mwili uko kimya unajifunza, siku ukishaikataa ndo basi, hata kiasi kidogo kinaamsha, na mwasho unakuja siku moja au mbili baadae wakati umeshasahau ulipaka nini. Na MI haiko kwenye vipodozi tu, iko kwenye rangi nyingi za maji za kupaka ukutani na baadhi ya sabuni za maji za vyombo, kwahiyo kuna watu wanavimba uso kwa kuingia tu chumba kilichopakwa rangi juzi na wanadhani wamerogwa.

Sasa turudi kwa parabeni inayosemwa vibaya. Ni dawa ya kuhifadhi, inazuia bakteria na ukungu, imetumika tangu miaka ya 1920 na imo hata kwenye dawa nyingi za maji za kunywa. Woga mkubwa ulianza 2004, pale Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading kule Uingereza na wenzake walipopima vinyama vya uvimbe wa matiti 20 wakakuta parabeni ndani, habari ikakimbia dunia nzima. Ila hawakupima titi zima lisilo na saratani ili kulinganisha, na kukikuta kitu ndani ya uvimbe hakukuambii kwamba ndo kimeuleta. Sisemi hakuna hoja kabisa. Parabeni zinaiga homoni ya estrojeni, kwa nguvu ndogo sana kuliko estrojeni yenyewe, na zile aina za propyl na butyl zinaiga zaidi ya aina za methyl na ethyl. Ndo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2014 wakapiga marufuku parabeni tano, isopropyl na isobutyl zikiwemo, halafu propyl na butyl wakazishusha mpaka asilimia 0.14 na kuzikataza kwenye vitu vya kumpaka mtoto wa chini ya miaka mitatu sehemu ya nepi. Methyl na ethyl wakaziacha ziendelee, mwisho asilimia 0.4 kila moja. Hiyo sio picha ya sumu, ni picha ya watu waliochambua ipi ikae na ipi itoke.

Angalia sasa na MI walivyoifanya. Zamani kwenye vipodozi ilikuja ikiwa imechanganywa na MCI, mwaka 2005 Ulaya wakairuhusu peke yake kwa kipimo kikubwa zaidi, viwanda vinavyokimbia kelele za parabeni vikaikumbatia, baada ya hapo kliniki za ngozi zikaanza kujaa watu wenye aleji. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa aleji za ngozi cha Marekani kikaitangaza MI kuwa kileta aleji cha mwaka. Na mwaka 2019 chama hicho hicho kikazipa parabeni cheo cha kinyume, kitu KISICHOLETA aleji cha mwaka, yani walichoka kuona watu wanaikimbia kemikali ambayo ngozi haina ugomvi nayo. Tangu 2017 Ulaya huwezi kuuza losheni ya kupaka na kuacha mwilini yenye MI hata chembe, na kwenye shampuu na vitu vya kusuuza, tangu 2018, mwisho asilimia 0.0015. Halafu huku kwetu napewa losheni yenye MI na MCI kama ndo salama, na naongezewa bei juu. Huko ni kuruka majivu ukakanyaga moto, tena kwa risiti.

Nikaona bora niulize upande wa pili wa shelfu, kuna vikopo vya siagi ya shea vya kutengenezwa nyumbani, imeandikwa haina kihifadhi chochote. Shea tupu sina neno nayo, mafuta matupu hayana maji na bila maji bakteria hawana pa kuishi, mafuta ya mgando na ya nazi ni hivo hivo. Hii lakini imechanganywa na maji ya aloe vera. Nikafungua kopo la kujaribishia, pembeni ya mfuniko kulikuwa na vidoa vyeusi vyeusi vimejipanga kwenye ukingo, na harufu ya unga ulioloa. Kijana akachukua kitambaa akapangusa akarudisha shelfuni. Hapana jamani. Kopo la maji lisilo na kihifadhi, watu wanachovya vidole kutwa, lipo dirishani linapigwa jua la mchana, hicho ni kitu cha kumpaka mtoto mwenye vidonda kweli?

Kuhusu shampuu nyingine ya stika kama hiyo pale pale, ina DMDM hydantoin, inayoachia fomaldihaidi kidogo kidogo ndani ya chupa, ndugu wa ile fomalini ya mochwari. Kwa aleji nayo ni msumbufu. Sikuendelea kuuliza bei.

Nikarudisha dumu la stika ya kijani nililokuwa nimeshalipia, halijafunguliwa. Hela hawarudishi, ndo utaratibu wao na umeandikwa ukutani, ila mwenye duka alitoka ofisini, mzee mstaarabu, nikamwamkia shikamoo nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Akavaa miwani akasoma mwenyewe, akaniambia, "Marahaba mwanangu, mi naletewa tu na wa Kariakoo, hawa ndo wanajua." Akanibadilishia nikachukua shampuu ya zamani yenye methylparaben, na badala ya chenji nikapewa mafuta ya mgando. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umetoka TFDA (waliokuwa mamlaka ya chakula na dawa) ukaenda TBS (shirika la viwango), nikamwambia mzee mzigo wowote mgeni aulize kwanza usajili wa TBS kabla ya kuangalia rangi ya stika, akaitikia ila kama ataulizia kweli ni yeye na Mungu wake.

Kwa walio Moshi nyie mna bahati, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi cha tangu miaka ya 90, mikono ikiwasumbua msimalizie kwa kupaka tyubu za steroidi za duka la dawa, nendeni na chupa zenu wazisome.

Mimi binafsi nanunuaje sahivi: ngozi ikipauka na hii baridi ya mwezi wa sita na wa saba, mafuta ya mgando usiku. Losheni yenye maji, natafuta yenye kihifadhi cha methylparaben, au phenoxyethanol ambayo Ulaya mwisho wake asilimia 1, au sodium benzoate. Chochote kinachoishia na thiazolinone kwenye kitu cha kukaa mwilini narudisha shelfuni hata kama ni ofa. Kwenye shampuu ya nyumbani ya kuosha mara moja kwa wiki na kusuuza sitapigana na mtu, ila kwa anayeosha vichwa kutwa hapana.

Nyota: duka nne, nimekata moja kwa stika ya bei juu ya viambato na kale kakopo kenye ukungu. Losheni ya stika ya kijani moja, na hiyo ni ya pampu yake, haivuji. Shampuu ya dumu moja, povu zuri lakini. Kama kuna mtu anajua wapi Arusha au Moshi wanauza kwa jumla shampuu ya lita tano isiyo na MI wala DMDM na bei haizidi ya hii ya zamani aseme, nachukua madumu mawili kila mwezi.