Galaxy Zoo kwa simu ya kawaida ukiwa Tanga: tathmini ya huduma

Galaxy Zoo ni huduma ya bure mtandaoni. Inakuonyesha picha ya galaksi moja, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali angani, inakuuliza umbo lake, unajibu, inaleta nyingine. Hulipi kitu, huulizwi shahada, na hata kujisajili si lazima. Majibu yako yanaingia kwenye hifadhi ya data ambayo watafiti wa vyuo vikuu wanaitumia kuandika makala zao za kitaalamu. Kwa hiyo hii si programu ya kujifunzia iliyopambwa kwa picha nzuri. Ni kazi ya utafiti yenyewe, imefunguliwa mlango kwa kila mwenye macho. Uzuri wake uko hapo, na hapo hapo ndipo mtumiaji wa Ngamiani au Chumbageni, mitaa ya Tanga, anapoteleza akiifungua mara ya kwanza.

Chimbuko lake linaeleza kwa nini iko hivi ilivyo. Kufikia 2007 mradi wa Sloan, wenye darubini ya kioo cha mita 2.5 huko New Mexico, Marekani, ulikuwa umepiga picha za karibu galaksi milioni moja. Kevin Schawinski, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Oxford, alikuwa akitafuta galaksi za duaradufu zenye rangi ya buluu, yaani zinazozaa nyota mpya, ilhali nyingi za umbo hilo ni kongwe na nyekundu. Programu za kompyuta za siku hizo zilitegemea sana rangi kukisia umbo. Sasa ukikisia umbo kwa rangi, galaksi yenye umbo hili na rangi ile utaipoteza kabla hujaiona. Ikabidi macho yafanye kazi, na yeye peke yake alikuwa amefikisha galaksi 50,000. Julai 2007 Schawinski, Chris Lintott na wenzao wakaziweka karibu galaksi 900,000 mbele ya umma. Siku haikuisha, majibu yalikuwa yanaingia 70,000 kwa saa. Mwaka wa kwanza ulikusanya zaidi ya majibu milioni 50 kutoka kwa watu zaidi ya 150,000.

Na umma haukuwa kibarua wa kubonyeza tu. Mwaka huo huo mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la buluu karibu na galaksi IC 2497, akauliza ni nini. Hakuna aliyekuwa na jibu. Likaitwa Hanny's Voorwerp, na neno hilo la Kiholanzi maana yake ni "kitu" tu. Darubini ya Hubble ilielekezwa huko baadaye. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ni wingu kubwa la gesi linalong'aa kwa mwanga wa kwasa, yaani kiini cha galaksi kinachong'aa kupita kiasi, iliyokuwa katikati ya galaksi ile na ambayo yenyewe imeshafifia. Mwanga wake wa zamani bado uko njiani. Watumiaji wengine wakakusanya vidoa vya kijani vilivyokuwa vikijitokeza kwenye picha, wakavipa jina la njegere. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kwamba hizo ni galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa kasi kubwa mno kulingana na ukubwa wake. Ukijibu maswali halafu ukaona jambo lisiloulizwa, lisemee kwenye ukurasa wa majadiliano ulioambatana na picha hiyo. Sehemu hiyo ndiyo inayohitaji akaunti.

Sasa matumizi. Simu yoyote yenye kivinjari cha kisasa inatosha. Ingia kupitia tovuti ya Zooniverse, jukwaa lililozaliwa na Galaxy Zoo mwaka 2009 na sasa lina miradi mingi. Ipo programu yao ya simu, lakini hubeba baadhi tu ya miradi. Kwa mlolongo kamili wa maswali kivinjari ni bora. Picha zenyewe ni ndogo, kwa kawaida pikseli 424 kwa 424, hivyo hazili bando. Kinachokula ni kufungua ukurasa mara ya kwanza. Fungua mara moja, kaa nao nusu saa, ufanye galaksi 30 au 40, badala ya kuufunga na kuufungua kila baada ya mbili.

Kabla ya kuanza rekebisha mambo matatu kwenye simu, maana yanaharibu majibu bila mtu kujua. Zima kichujio cha usiku kinachoufanya mwanga wa kioo uwe wa manjano: rangi kwenye picha hizi ni taarifa, na buluu ya nyota changa ikipita kwenye manjano inapotea. Zima pia kipengele cha kivinjari kinachobana picha ili kuokoa data, kwa sababu mikono ya galaksi, ile mistari ya nyota inayojizungusha kutoka katikati, ni hafifu mno na kubana kunaanza kufuta vitu hafifu. Halafu ongeza mwangaza wa kioo na ukae kivulini. Saa saba mchana barazani, jua likipiga kutoka barabarani, karibu kila galaksi itaonekana laini.

Kikwazo kikubwa kwa msomaji wetu ni Kiingereza cha maswali. Hiki si Kiingereza cha vitabuni, ni cha mafundi, na mtu mwenye alama nzuri za lugha hiyo bado anaweza kukwama. Kwa hiyo haya ndiyo maswali yenyewe yanavyotakiwa kueleweka.

La kwanza lina majibu matatu. Je, galaksi ni laini na mviringo bila dalili ya sahani, yaani umbo bapa? Au ina sahani au alama yoyote ndani yake? Au kilichopo katikati si galaksi bali ni nyota au hitilafu ya picha? Laini maana yake mwanga unafifia taratibu kutoka katikati kwenda nje, kama taa kwenye ukungu. Nyota ya karibu huonekana na miali minne kama msalaba, miali inayotokana na vyuma vinavyoshika kioo kidogo ndani ya darubini. Tahadhari: kinachoulizwa ni kile kilicho katikati ya picha. Nyota ikiwa pembeni, hata ikiwa kubwa na inang'aa kuliko galaksi, jibu la tatu si lake. Hili ni kosa la wageni wengi.

Ukichagua laini, utaulizwa galaksi imeviringika kiasi gani: duara kamili kama chungwa la Muheza, wastani kama yai, au mrefu kama sigara. Ukichagua sahani, utaulizwa kama unaitazama kwa ubavu. Chukua sinia ya pilau. Ukiitazama kutoka juu unaona duara. Ukiishusha hadi usawa wa macho unaona mstari mwembamba, na kile kichuguu cha pilau katikati kinajitokeza juu ya mstari; kwa galaksi hujitokeza juu na chini. Kichuguu hicho ndicho kitovu, na utaulizwa kama kimeviringika, kina pembe kama boksi, au hakipo. Ikiwa huitazami kwa ubavu, swali linalofuata ni la mhimili: je, kuna mwanga ulionyooka unaokatiza katikati, kama mwiko uliolazwa juu ya pilau? Mhimili una maana kubwa kwa watafiti, kwani husukuma gesi kuelekea katikati ya galaksi. Kisha mikono: ipo au haipo, mingapi, na imekazwa kiasi gani. Fikiria kamba ya jahazi iliyozungushwa sitahani. Baharia mmoja huikaza, mwingine huiacha wazi. Mwisho unaulizwa kama galaksi inagongana na nyingine au imevurugika, na kama kuna kitu adimu kama pete au utepe wa vumbi.

Galaksi yenye sahani ina maswali mengi, hivyo itachukua hadi dakika nzima. Ile laini ni sekunde chache tu. Hapa hutokea kosa la pili: mtu akichoka huanza kuona kila kitu ni laini, kwa kuwa ni njia fupi. Ukijikuta umejibu hivyo mara kumi mfululizo bila kusogeza uso karibu na kioo, pumzika.

Kinachowasumbua zaidi waliozoea mitihani ni kwamba huduma haikuambii umepata au umekosa. Hakuna alama. Si uzembe wa waliotengeneza. Jibu sahihi halipo popote la kulinganishia. Kila galaksi huonyeshwa watu wengi, na kinachohifadhiwa ni mgawanyo wa majibu yao. Awamu ya pili, iliyochapishwa 2013, ilikuwa na galaksi 304,122 na zaidi ya majibu milioni 16. Galaksi ambayo watu 38 kati ya 40 wameona mhimili ni tofauti na ile ambayo 21 wameuona, na tofauti hiyo ni taarifa yenye thamani. Mtu anayebonyeza ovyo hugunduliwa kwa kuwa majibu yake hayafanani na ya wengine kila mara, na uzito wake hupunguzwa. Wewe ukiwa na shaka, shaka yako ni sehemu ya kipimo.

Kwa sababu hiyo tunalipinga waziwazi jambo moja ambalo kwetu ni la kawaida: kukaa watu sita kwenye simu moja, kujadiliana, kisha mmoja akabonyeza walichokubaliana. Kwa mambo mengi ya mtaani ni utaratibu mzuri. Hapa unaua data. Watu sita wamekuwa jibu moja, tena jibu la mwenye sauti kubwa. Hesabu zote za watafiti zinachukulia kwamba kila jibu limetoka kwa mtu aliyetazama peke yake. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 na simu nne afanye hivi: zamu ya dakika kumi kwa kila mmoja, bila kuoneshana, mjadala uje baada ya wote kumaliza. Na asitaje jibu lake kwanza. Wanafunzi wetu wana heshima. Mwalimu akisema ni mhimili, darasa zima litaona mhimili.

Kwamba macho yana upendeleo, watafiti wenyewe walilithibitisha. Kwenye awamu ya kwanza watu waliulizwa mikono inazunguka upande gani. Majibu yakaonyesha mzunguko wa kinyume na saa ni mwingi zaidi. Kama ingekuwa kweli, ingetikisa msingi wa kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu kwa ujumla wake, kwa kuwa nadharia zetu zinachukulia kwamba ulimwengu hauna upande unaoupendelea. Wakageuza baadhi ya picha kama kwenye kioo na kuzirudisha kwa watu. Kinyume na saa ikaendelea kuongoza. Tatizo lilikuwa kwa watazamaji, si angani. Matokeo hayo yalichapishwa 2008, na kwa maoni yetu ni somo bora la njia ya kisayansi kuliko kurasa nyingi za vitabu vya fizikia vya sekondari.

Upendeleo mwingine unatokana na umbali. Galaksi ya mbali ni ndogo na hafifu, mikono yake inafutika, inaonekana laini hata kama si laini. Watafiti wanalisawazisha hilo kwa hesabu, wakilinganisha galaksi za umbali tofauti. Kwa hiyo jibu unachokiona, usijibu unachoamini kingekuwepo. Ukianza kusahihisha kichwani mwako, unasahihisha kitu ambacho wao watakisahihisha tena.

Watauliza wengine: kompyuta za leo haziwezi? Zinaweza kwa kiasi, na zimefundishwa na majibu haya haya. Kazi iliyochapishwa 2022 ilitumia majibu milioni 7.5 ya watu pamoja na programu ya kujifunza kwa mashine kuainisha galaksi 314,000 zilizopigwa picha na darubini ya mita 4 iliyoko Chile. Mashine ikawa inachagua galaksi zenye manufaa zaidi kwake ili ziulizwe watu. Mwaka 2024 picha za Euclid, darubini ya anga za juu ya Ulaya, zikaingizwa kwa mtindo wa namna hiyo. Usishangae basi ukiletewa picha ngumu.

Kwa anayeona galaksi ni mbali mno na maisha yake, jukwaa hilo hilo la Zooniverse liliwahi kuweka Snapshot Serengeti, mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliotumia kamera 225 zilizofungwa Serengeti kupiga picha za wanyama wanaopita. Utaratibu ni ule ule, watu wengi kwa picha moja. Umwelezee mtoto mantiki ya kuhesabu kura kwa pundamilia na nyumbu, kisha umpeleke kwenye galaksi, ataelewa haraka.

Uamuzi wetu: huduma inastahili bando, hasa kwa sekondari na vyuo, kwa sharti kwamba maswali yatafsiriwe kwenye karatasi moja ya Kiswahili na kubandikwa mbele ya watumiaji. Bila karatasi hiyo tusiipeleke darasani.

Anayetaka kuona mada yenyewe kwa macho, achague usiku usio na mwezi mwanzoni mwa Desemba, saa mbili na nusu, nje ya taa za mji. Nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Ngumi nne na nusu juu ya upeo wa kaskazini ipo galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Geuka kusini, ngumi mbili na kidogo, ukungu mdogo unaouona ni Wingu Dogo la Magellan, nalo ni galaksi, miaka ya nuru kama 200,000. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo zote mbili zinaonekana kwa wakati mmoja. Andromeda ni sahani yenye mikono iliyokazwa. Jicho tupu litakuonyesha kitovu chake tu, doa laini lililorefuka kidogo, na kwenye swali la kwanza ungelijibu hivyo hivyo: laini.