Mzimu wa kweli au hila ya mtu?

Katika riwaya ya mafumbo kwa vijana, mzimu uwe wa kweli, au mwishoni ifichuke kuwa ni hila ya mtu? Kwa upande wa dalili za kufumbua fumbo, hila inashinda: msomaji akirudi nyuma anakuta, mathalani, tope kwenye viatu vya mlinzi lilitajwa tangu sura ya pili. Ndiyo maana Ronald Knox, padri na mwandishi Mwingereza, katika kanuni zake za 1929 za hadithi za upelelezi, alipiga marufuku mizimu. Kwa upande wa hofu, mzimu wa kweli hauna mpinzani, tena unabeba uchungu wa kufiwa. Ila mwandishi auwekee mipaka, mathalani hauvuki maji. Ukirudia kusoma, hila hupungua makali. Kijana mpenda kuchunguza, au anayeogopa giza, mpe hila. Anayetaka kusisimka mpe mzimu.