Unataka ua kama pioni kwenye kompaundi yako hapa Uganda? Nunua kwa mpangilio huu

Kila msimu wa harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) swali linarudi lile lile, mtu ameona picha ya ua kubwa la pinki lenye petali kibao, laini, limejaa mpaka linainama, akauliza linaitwaje akaambiwa pioni, sasa anataka mche apande nyumbani Najjera au Mukono au Mbarara. Jamani, tulizungumze hili vizuri kabla hujatuma hela kwa mtu. Pioni nalipenda sana, lakini kuna maua mengine manne yatakayokupa umbo lile au la karibu sana kwa gharama ndogo, na yatachanua kweli kwenye udongo wetu. Kwa hiyo nimeyapanga kuanzia lile ambalo ningekwambia ununue leo mpaka lile la mwisho, na pioni lenyewe, samahani kwa wanaolitamani, ni la mwisho.

Kwanza uelewe sababu, maana wauzaji wengi hawakwambii. Pioni asili yake ni nchi zenye majira ya baridi. Majani yakishakauka mzizi unalala chini ya ardhi, na ili machipukizi yenye maua yaamke unahitaji baridi ya kweli, chini ya nyuzi 5 au 6 hivi, kwa wiki nyingi mfululizo. Wanaolima pioni huhesabu hiyo baridi kwa saa, na aina nyingi zinataka kati ya saa 500 na 1000. Sasa Kampala usiku ukiwa wa baridi sana sana unavaa sweta tu, tuko nyuzi 16 au 17. Hata Kabale, ambako watu wanalala na mablanketi mawili, usiku unacheza kwenye nyuzi 10 au chini kidogo, na ni hivyo mwaka mzima, hakuna miezi ya baridi kali ya kuulaza mzizi. Matokeo yake mche unaotoka Ulaya unaweza kutoa majani mazuri mwaka wa kwanza, pengine na ua moja kwa sababu baridi ya kule bado iko mwilini mwake, halafu mwaka unaofuata majani tu, unaofuata majani machache zaidi, basi umeisha.

NAMBA MOJA: DALIA

Dalia bila kufikiria mara mbili. Asili yake ni milima ya Mexico, sehemu za juu zenye mchana wa joto kiasi na usiku wa ubaridi, ndiyo maana inaipenda Uganda yetu hasa kuanzia Fort Portal kwenda Kabale na Kisoro, na hata Kampala inakubali vizuri. Ukitaka inayofanana na pioni mpaka watu waulize, tafuta zile za ua kubwa lenye petali pana. Maarufu kuliko zote ni Café au Lait, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na pinki kidogo, ua moja linafika sentimita 20 na zaidi, na maharusi duniani kote wanaitumia pale pioni zinapokuwa zimeisha msimu. Ila usidharau dalia za kienyeji zilizoko kwenye kompaundi za zamani za wazee wetu, zile za pinki na nyekundu, mwombe jirani akugawie, hizo zimeshazoea mvua na udongo wa hapa na ni ngumu kufa.

Sasa kununua. Dalia inauzwa kwa njia mbili, mche kwenye kavera (mfuko wa plastiki) au kiazi. Kiazi ndicho kinachowaponza watu. Ukikishika utaona kinafanana na kiazi kitamu chembamba, kina tumbo, kina shingo, na juu ya shingo kuna kipande cha shina la zamani. Angalia hapo hapo shingo inapokutana na shina, unatafuta kijicho kidogo, kauvimbe ka pinki au kijani kama kichwa cha pini. Jicho likiwepo, kiazi hata kikiwa kidogo kama kidole kitaota. Jicho lisipokuwepo, au shingo ikiwa imevunjika inaning'inia, hata kiazi kinene namna gani hakitaota kamwe, kitakaa ardhini mpaka kioze. Wauzaji wengi wanakuchagulia vile vinene kwa nia njema kabisa, mwambie ahsante, mimi nachagua mwenyewe. Kibonyeze pia, kiwe kigumu, kikiwa laini kama kimejaa maji achana nacho.

Panda mvua zinapoanza, mwezi wa tatu au wa tisa, kina cha sentimita 10 mpaka 15, nafasi ya nusu mita au zaidi, mahali penye jua la asubuhi. Tuta liinuke kidogo maana mvua zetu zinajaza maji na kiazi kinaoza. Mti wa kuegemeza uuchomeke siku hiyo hiyo ya kupanda, ukisubiri mmea ukue utakuja kutoboa viazi. Ukishakuwa na majani jozi tatu au nne kata ncha ya juu ili utoe matawi, na kama unataka maua makubwa kabisa ondoa vile vitumba viwili vya pembeni uache cha katikati. Konokono wanaipenda dalia changa kuliko kitu chochote, toka na tochi usiku uwaokote.

Kasoro yake moja: ukiikata kitumba kikiwa bado kimefunga, haitachanua kwenye chombo cha maua. Kata ikiwa imefunguka robo tatu, na itakaa siku nne tano. Kwa biashara ya mapambo hiyo ni fupi lakini kwa nyumbani inatosha kabisa.

NAMBA MBILI: WARIDI LENYE PETALI NYINGI

Siyo lile la kwenye foili la Valentine, nasema yale ya mtindo wa kizamani yanayofunguka kama kikombe kilichojaa petali. Yale aliyoyafanyia kazi David Austin wa Uingereza ndiyo yanayojulikana zaidi, na kadhaa ukiyapiga picha karibu mtu atabisha kwamba ni pioni. Ila hapa kuna mtego: lile la kwanza kabisa alilotoa mwaka 1961, Constance Spry, ambalo ndilo linafanana sana na pioni, linachanua mara moja tu kwa mwaka baada ya majira ya baridi. Kwetu halifai. Ukiagiza au ukiuliza, hakikisha ni aina inayochanua mara kwa mara.

Jambo la pili ni joto. Waridi likikua sehemu ya joto linatoa kichwa kidogo kwa sababu ua linakomaa haraka mno, ndiyo maana mashamba ya maua ya Entebbe na Wakiso yamejikita kwenye mawaridi ya kichwa kidogo na kuwaachia wenzao wa nyanda za juu Kenya na Ethiopia yale makubwa. Kwa hiyo waridi lile lile utakaloliona kubwa Kabale, Kampala litakuwa dogo kidogo, usimlaumu aliyekuuzia.

Ukienda kwenye vitalu vya kando ya barabara usinunue kwa macho ya ua. Kuna wanaochomeka kijiti kilichokatwa jana, chenye ua juu, kwenye udongo mweusi wa kavera na kukuuzia kama mche ulioshika. Shika shina chini kabisa uvute taratibu, mche wenye mizizi utakataa na kavera litainuka pamoja nao, kijiti kitatoka kirahisi na ncha yake nyeupe. Geuza majani uangalie upande wa chini, ukiona utando mwembamba na vidoti vinavyotembea hao ni utitiri, usiwapeleke nyumbani. Na kama mche umeunganishwa, yaani waridi zuri limebandikwa juu ya shina la waridi jingine, utaona fundo chini ya shina. Ukipanda fundo hilo libaki juu ya udongo, na tawi lolote linalotoka chini ya fundo ling'oe, maana hilo ni la mti wa chini na litaumeza waridi lako polepole.

Adui mkubwa Kampala ni madoa meusi kwenye majani, ni ukungu, unakuja na unyevu. Mwagilia chini kwenye shina, asubuhi, siyo jioni na siyo juu ya majani, okota majani yaliyoanguka uyachome, na usibananishe miche. Samadi ya ng'ombe iwe imeoza vizuri, mbichi inaunguza. Waridi limekuwa la pili kwa sababu ya kazi hii tu, lakini kwenye chombo cha maua linaishinda dalia kwa mbali, kwa hiyo anayetaka kukata na kuuza angeweza kuligeuza likawa la kwanza na nisingebishana naye.

NAMBA TATU: HAIBISKASI INAYOBADILIKA RANGI

Hii wengi hawaijui na inanisikitisha. Jina lake la kisayansi ni Hibiscus mutabilis, chukua ile yenye petali nyingi siyo ya petali tano. Asubuhi ua linafunguka jeupe, mchana linakuwa pinki, jioni limekolea karibu na wekundu, na siku ya pili linanyauka, kwa hiyo kwenye mti mmoja unakuwa na rangi tatu pamoja. Joto halimsumbui, anapenda mvua. Usinunue mche kama unamjua mwenye mti, omba kijiti cha unene wa kidole ukichomeke kwenye udongo wenye unyevu kitashika. Unakuwa mrefu kukushinda, mita 2 mpaka 4, kwa hiyo siyo wa kwenye chungu, na ua lake ukilikata halidumu. Ni wa kupamba kompaundi tu.

NAMBA NNE: HAIDRENJIA

Kama uko Kabale, Kisoro au milimani Kapchorwa iweke namba mbili. Kampala na Jinja inabaki hapa, kwa sababu aina ya kawaida inataka usiku wa ubaridi ili itengeneze vitumba, bila hivyo unapata kichaka kizuri cha majani na maua ya kubahatisha. Kivuli cha mchana ni lazima na maji mengi. Rangi inategemea udongo, wenye tindikali unaipa bluu, usio na tindikali unaipa pinki, kwa hiyo usikasirike uliyonunua ya pinki ikigeuka bluu baada ya mwaka. Usikate matawi ovyo, ile ya kawaida inachanua kwenye matawi ya zamani.

NAMBA TANO: PIONI LENYEWE

Najua kuna watu wamesoma mpaka hapa na bado wanalitaka. Sawa, basi tulinunue kwa akili.

Pioni ziko za aina tatu. Kuna za majani laini zinazokufa juu kila mwaka na kuota tena, kuna za miti, na kuna mahuluti ya hizo mbili yanayoitwa Itoh, kwa jina la Mjapani Toichi Itoh aliyefanikiwa kuzichanganya mwaka 1948 baada ya wengi kushindwa, akafariki kabla hajaona hata ua moja la miche yake. Za miti usiguse. Kati ya zilizobaki ningechagua Itoh, kwa sababu zinavumilia joto kuliko wenzake na hazitaki baridi ndefu sana. Bartzella ya njano ndiyo maarufu, chama cha pioni cha Marekani kiliipa medali ya dhahabu mwaka 2006, na ni ghali, mzizi mmoja kule ni makumi ya dola kabla ya usafiri. Ukitaka ya bei nafuu chukua zile zinazochanua mapema, na zenye petali chache, maana ua lililojaa sana joto linalikausha likiwa bado kitumba. Coral Charm ni ya mapema na rangi yake ni tamu mno. Sarah Bernhardt, ile ya pinki ya kwenye picha zote, inachelewa kuchanua, kwa joto letu itakusumbua.

Mzizi uwe na macho 3 mpaka 5, mnono, usio na ukungu. Baridi itabidi uitengeneze mwenyewe, yaani upande kwenye chungu, mmea ukishapumzika ukate majani uuingize kwenye friji nyuzi 2 mpaka 5 kwa wiki 8 hivi, udongo uwe na unyevu kidogo tu. Friji hiyo isiwe na ndizi wala embe wala tofaa, matunda yanayoiva yanatoa gesi inayoharibu vitumba. Na umeme wenu uwe wa uhakika. Na hiyo ni kila mwaka, siyo mara moja. Ukiutoa, macho yafunikwe na udongo sentimita 2 au 3 tu, ukizamisha zaidi hautachanua, na samadi isiguse shingo. Ukiona sisimizi kwenye vitumba waache, wanalamba utamu, hawadhuru.

Kuagiza kutoka nje kunataka kibali cha kuingiza mimea kutoka Wizara ya Kilimo, na muuzaji akupe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake, mizizi ikiwa imeoshwa haina udongo. Anayekwambia ataipitisha Entebbe kwenye begi bila karatasi anakuweka hatarini wewe na mashamba ya watu.

Na kuna kitu kimoja msinunue kabisa, mbegu za pioni za mtandaoni, hasa zile za bluu au za rangi za upinde wa mvua. Pioni ya bluu haipo. Hata mbegu ya kweli inaweza kukaa miaka miwili ndiyo iote, halafu mingine mitatu mpaka mitano ndiyo ichanue, na mbegu ya huluti haitoi ua kama la mama yake. Hela hiyo ipeleke kwenye viazi vya dalia kabla mvua za mwezi wa tisa hazijaanza, maana zikishaanza vyenye macho mazuri vinakuwa vimeshachukuliwa.