Kuwatazama furukombe kwa boti kutoka Kigoma mjini
Safari ya boti ya kuwatazama furukombe (tai wanaokula samaki), inayoondoka asubuhi Kigoma mjini na kufuata ufuko kuelekea kaskazini, inastahili nauli yake kwa tukio moja tu: nahodha alipozima injini na kurusha mgebuka majini, ndege yule mwenye kichwa cheupe aliruka kutoka mtini, akashuka kwa kasi, akanyoosha miguu mbele na kumnyakua samaki bila kulowesha kifua. Nyayo zake zina miiba midogo inayomzuia samaki asiteleze, jambo ambalo mwongozaji alilieleza vizuri. Chai ilikuwa ya kawaida. Majaketi ya kujiokolea, hata hivyo, yalikuwa machache kuliko abiria, na katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufikia mita 1,470, hilo halivumiliki. Wenye watoto waulize kabla ya kulipa.