Dummy ya Portishead: si muziki wa kusindikizia chakula

Kila mjadala ninaoingia wa Dummy, albamu ya 1994 ya Portishead, bendi ya mji wa Bristol, Uingereza, hauishi bila mtu kusema kwamba ni albamu nzuri ya kuweka sauti ya chini wageni wakiwa mezani. Wanaoipenda wanasema hivyo, wasioipenda nao hivyohivyo, na wote wananikera. Nimeishi na albamu hii miaka mingi, kwanza kwenye CD, sasa kwenye santuri, na nitaitetea popote. Ni kazi yenye makwaruzo, na hayo makwaruzo waliyatia kwa makusudi.

Geoff Barrow alikuwa kijana wa kuhudumia mashine za tepu katika studio ya Coach House, Bristol, wakati Massive Attack, kundi jingine la mji huo, wanarekodi albamu yao Blue Lines, iliyotoka 1991. Baadaye akaungana na mwimbaji Beth Gibbons na mpiga gitaa Adrian Utley, na hawa watatu hawakuridhika na kuokota vipande vya rekodi za wengine tu. Walipiga vyombo wenyewe, wakachapisha walichopiga kwenye santuri, wakaziweka santuri hizo sakafuni na kuzikanyaga, hata kuteleza juu yake, ndipo wakakata sampuli kutoka humo. Sauti nyingine walizipitisha kwenye amplifaya mbovu. Kwa hiyo ukinunua santuri mpya ukasikia makwaruzo kama ya vumbi, usiirudishe dukani. Ndivyo ilivyo.

Sikiliza "Strangers" kwa hedifoni nzuri. Unapokelewa na kipande cha bendi ya jazi ya Weather Report na ngoma nzito, halafu ghafla vyote vinaondoka. Linabaki gitaa dogo na sauti ya Beth iliyobanwa, kama inatoka kwenye redio ya betri iliyo chumba cha pili. Ukishaanza kuizoea hali hiyo, ngoma zinarudi na besi inajaa masikio yote mawili. Anayeuita huo muziki wa kutuliza, nadhani hajawahi kuusikiliza akiwa hana kazi nyingine mkononi.

Halafu kuna "Wandering Star". Kiitikio chake kimechotwa kwenye Waraka wa Yuda, mstari wa 13: "nyota zipoteazo, ambao weusi wa giza ndio akiba yao waliowekewa milele." Aliyelelewa na Biblia ya Kiswahili ataujua mstari huo papo hapo, na atajua kwamba pale Yuda anawatangazia watu hukumu. Beth hapazi sauti. Anauimba mstari huo kwa utulivu, hajitetei, hamlaumu mtu, na chini yake besi inazunguka palepale bila kutafuta pa kutokea. Kwangu huo ndio moyo wa albamu, kuliko hata "Roads" ambayo wengi huitaja kwanza, ingawa "Roads" nayo, na kile kinanda chake kinachotetemeka, sijawahi kuiruka.

Wapo wanaosema albamu ya pili ya Portishead, ya 1997, ina uzito zaidi, na wapo wa Mezzanine ya Massive Attack, ya 1998. Hawa wa Mezzanine nawaelewa kabisa. Ukiwa na spika kubwa, besi ya "Angel" haina mshindani Bristol nzima. Lakini Mezzanine inakuja na jeshi la waimbaji: Horace Andy, Elizabeth Fraser, Sara Jay, kila mmoja na sauti yake. Dummy imemtegemea mwanamke mmoja kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na hajalemewa. Mwaka 1995 ilichukua Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, mbele ya Maxinquaye ya rapa Tricky na Definitely Maybe ya Oasis, na sioni kwamba majaji walipendelea.

Kasoro zipo. "It Could Be Sweet" ni laini mno, na ndiyo inayowapa silaha wale watu wa mezani. "Pedestal" inaokolewa na tarumbeta. Basi.

Ushauri kwa anayetaka kununua: usiihukumu kwa spika ya simu, kwa sababu besi yote inapotea na unabakiwa na huzuni tupu. CD inatosha kabisa. Santuri nimeipenda zaidi kwa sababu "Biscuit", na ile sauti ya mwimbaji wa zamani Johnnie Ray iliyopunguzwa mwendo mpaka inaburuzika, inapata unene ambao kwenye simu sikuwahi kuusikia.

Umebaki ule ubishi wa nani alimtumia vizuri zaidi Isaac Hayes, mwimbaji wa soul wa Marekani. Kipande kilekile cha "Ike's Rap II", kutoka Black Moses ya 1971, kimejenga "Glory Box" ya Portishead na "Hell Is Round the Corner" ya Tricky, watu wa mji mmoja, albamu zao zikifuatana 1994 na 1995. Mashabiki wa Tricky wanasema yeye alikiacha kipande kikae kwenye giza lake, na ni kweli. Kura yangu inaenda "Glory Box". Gitaa la Utley linalia juu ya fidla za Hayes, na karibu na mwisho ngoma zinachafuka na kuvunjika, wimbo uliokuwa mtamu unageuka tishio. Hapo ndipo albamu inapofungwa, na mimi huigeuza santuri nikaanza upya.